Mema ya Udowela

"Sifuri," alisema Atuganile Kyando, na kwa kuwa sheria ilimtaka atamke kwa sentensi kamili, akaongeza: "Utafutaji umekamilika. Ghala halina hati hata moja ya mkazi wa Udowela inayolalamikia maji."

Akaketi. Alikuwa amelitamka neno hilo, umekamilika, katika mabaraza na mahakama za mikoa saba, na halikuwahi kubishiwa. Mwaka huo, 2071, Sheria ya Ghala ilikuwa imetimiza miaka kumi na mmoja. Nchi ilikuwa imechoshwa na hati za kughushi na mihuri ya kununua, basi ikaamuliwa kwamba kila kinachosemwa mbele ya mtumishi wa umma, iwe zahanati, kituo cha polisi au ofisi ya kata, kiingizwe Ghalani siku hiyo hiyo. Baraza lilipotaka ushahidi, mhandisi aliuliza Ghala. Kilichopatikana kilikuwa ushahidi, na mtu yeyote aliruhusiwa kukisoma. Kisichopatikana kilihesabiwa kwamba hakikusemwa.

Wakili wa Kampuni ya Lulunge, iliyochimba madini ya betri juu ya milima ya Udowela na kushtakiwa kwa kuchafua maji ya wakazi, alisimama akitabasamu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, zaidi ya hapo, Ghala linaonyesha kwamba wananchi wa Udowela wametoa maelezo elfu moja mia tatu na kumi na mawili katika zahanati yao. Na Ghala lenyewe limeyapanga katika fungu la pongezi. Watu hawa hawalalamiki. Wanashukuru."

Mwanamke mmoja akainuka kutoka benchi la nyuma. Alikuwa mrefu, amejifunga khanga mbili kiunoni, na sauti yake ilifika mbele kabla askari hajageuka.

"Nani ameshukuru? Mimi? Mimi Perusi Lwiza nimekwenda zahanati mara nne. Mara ya kwanza mwanangu Elikana alikuwa anatapika. Mara ya pili nilikuwa nimemzika. Mara ya tatu mdogo wake. Mara ya nne nilikwenda kuuliza kama kuna mtu anasikia. Leo mnaniambia nilikwenda kutoa pongezi?"

"Mama, kaa chini," alisema Jaji mstaafu Shekolowa, Mwenyekiti wa Baraza. Hakuwa mtu mkali. "Utafutaji haukupata hati yako. Sheria hainiruhusu kukusikiliza kwa mdomo. Uamuzi tutautoa Ijumaa."

Walimtoa nje wakimshika mikono. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Atuganile alimkuta kwenye ngazi, akamwinamia. "Shikamoo, mama."

Bi. Perusi hakuitikia. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kitambulisho kilichoning'inia shingoni.

"Wewe ndiye uliyesema sifuri."

"Ndiyo, mama. Mimi ni mhandisi wa Ghala. Nasema kinachopatikana."

"Basi nenda katafute vizuri. Zahanati ya Udowela, Nesi Gaudensia, mwezi wa tatu mwaka juzi, siku ya Alhamisi. Ukikosa, rudi uniite mwongo mbele ya watu. Ukipata," alisema, akamsogelea mpaka Atuganile akarudi ngazi moja nyuma, "ukipata, usirudi kuniambia samahani. Sina pa kuiweka."

*

Hati ya Ghala unaweza kuifikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta kwa maneno, na hiyo ndiyo iliyotambuliwa na sheria. Ya pili ni kuifuata ilipo, kama mtu anayeingia bohari akijua chumba, rafu na kasha. Njia hiyo walipewa mafundi peke yao. Atuganile aliingia ofisi ya Ghala hapo mjini Kitandula, akafuata chumba, rafu na kasha: zahanati, mwaka, mwezi, Alhamisi.

Hati ilikuwepo.

Ilikuwa imefungwa ndani ya lebo zake kama hati nyingine zote. Lebo ya msemaji: Perusi Lwiza. Lebo ya mahali. Lebo ya tarehe. Lebo ya lugha: Kiswahili. Ndani ya lebo hizo kulikuwa na maneno yasiyokuwa Kiswahili hata kidogo. Sentensi ya kwanza ilisema, *Mema gatumala.*

Alimpigia simu Nesi Gaudensia, akamsomea.

"Mema ni maji," alisema nesi. "Kwa Kidowela. Maji yanatumaliza. Ndivyo wanavyoanza karibu wote."

Atuganile akaiweka simu mezani bila kuikata, akairudia ile sentensi kwa macho.

Alielewa papo hapo, na ilimuuma zaidi kwa sababu hakuhitaji kufikiri. Mashine haisomi hati inapotafuta. Inasoma fahirisi, yaani daftari kubwa la maneno linaloonyesha kila neno liko katika hati zipi. Kabla neno halijaandikwa katika daftari hilo, mashine inatazama lebo ya lugha, kisha inalimenya kwa kanuni za lugha hiyo mpaka ibaki na mzizi. Ikiambiwa ni lugha nyingine, inaandika pia maana ya neno kwa Kiswahili. Ikiambiwa ni Kiswahili, inamenya Kiswahili. Basi *mema* ikamenywa ikawa *-ema*, ikaandikwa pamoja na wema, njema na vyema. Mtu aliyetafuta *maji* hakupata kitu. Na mashine nyingine, inayohesabu hisia za wananchi, ilipokuta watu wa Udowela wanataja mema, mema, mema, ikazipanga hati zao katika pongezi.

Akafungua ya pili, ya tatu, ya hamsini. Zote lugha: Kiswahili. Hakuna nesi aliyeandika hivyo. Fomu ya zahanati haikuwa hata na kisanduku cha kujazia lugha. Kulikuwa na kanuni moja, ya mstari mmoja, iliyojaza pengo: *lugha isipotajwa, iwe Kiswahili.* Pembeni mwa mstari huo kulikuwa na herufi za aliyeuandika, A.K., na tarehe ya miaka minane iliyopita.

Aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na mtu alimwuliza tufanye nini na hati zisizotaja lugha, naye akajibu huku akicheka, sisi sote si Waswahili? Watu wakapiga makofi.

"Nesi," alisema, akiirudisha simu sikioni, "kwa nini hukutuambia?"

Sauti ya Gaudensia ikaja taratibu, kila neno peke yake. "Dada, nimewaandikia barua tatu. Ya mwisho mmejibu. Mmesema watumiaji wa lugha hiyo ni wachache, suala limefungwa. Ninayo hapa. Nikusomee na wewe?"

*

Mkurugenzi wa Ghala, Mhandisi Kanyelele, alikuwa amekuja Kitandula kwa ajili ya kesi. Jumatano asubuhi alimsikiliza Atuganile mpaka mwisho huku akikoroga chai ambayo hakuinywa.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, mzee?"

"Kanuni ya lugha. Tumejua miaka mitatu."

Atuganile alidhani hakusikia sawa. "Watoto wamekufa, na sisi tumeandika kwamba mama zao wametoa pongezi. Kampuni imeichapa hiyo katika ripoti. Nimeiapia barazani! Ulinileta hapa niape ukijua?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi."

Kanyelele akaweka kijiko mezani. Hakuonekana mtu mbaya. Alionekana amechoka, na hilo lilimkasirisha Atuganile zaidi. "Kifungu cha arobaini unakijua. Mhandisi akitamka kwamba utafutaji haujakamilika, baraza linasikiliza watu kwa mdomo. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyetamka. Ukitamka wewe, kila aliyeshindwa kesi atarudi na kusema na kwake haukukamilika. Viwanja, mirathi, vifungo. Utairudisha nchi kwenye mihuri ya kununua kwa sababu ya kijiji kimoja?"

"Basi nibadilishe ile kanuni. Mstari mmoja. Fahirisi ijengwe upya kesho."

"Kubadili kanuni wakati kesi inaendelea ni kuvuruga ushahidi. Nakukataza kwa maandishi." Akasita. "Msemaji mwenyewe ana haki ya kusahihisha lebo ya hati yake. Hilo siwezi kulizuia. Lakini mmoja mmoja, kwa kidole chake. Na una siku mbili."

Atuganile aliondoka bila kuaga.

*

Hati elfu moja mia tatu na kumi na mbili zilikuwa za watu mia tatu themanini na wanane. Nesi Gaudensia alituma ujumbe vitongojini, na Alhamisi jua lilipochomoza ua wa zahanati ulikuwa umejaa. Walikuja na madumu ya maji ya kununua, maana ya bomba hawakuyagusa tena. Atuganile alisimama kwenye kibaraza na kifaa cha kuwekea vidole, akaeleza kosa, na akasema kosa ni lake.

Hakuna aliyempigia kelele. Walimtazama tu. Mzee mmoja akatema mate pembeni, akapanga foleni.

"Kuna jambo moja mlijue kabla hamjaweka kidole," alisema Atuganile. "Hati ikishapatikana, inapatikana na kila mtu. Jirani, mwajiri, wakili wa kampuni. Atakayetafuta jina lako atasoma yote uliyomwambia nesi. Mimba zilizotoka. Magonjwa. Yote."

"Kwa hiyo mlitufanya bubu," alisema Bi. Perusi, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, "na sasa dawa ya ububu ni kutuvua nguo." Akakibandika kidole chake kwa nguvu kifaa kikayumba. "Haya. Mimi sina la kuficha. Niliokuwa nikiwaonea haya wamo kaburini."

Foleni ilisogea mchana kutwa. Watu walisoma hati zao kwanza, au wakasomewa, na wengine walilia, lakini walibandika. Kwa waliokufa, sheria iliruhusu ndugu zao wabandike, nao walibandika. Saa kumi alasiri Atuganile alikuwa amebakiwa na hati moja.

Mwenyewe alikuja wakati wengine wanaondoka. Aliitwa Ndekwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono yake imebabuka hadi viwikoni. Alimvuta Atuganile na nesi ndani ya chumba cha sindano, akafunga mlango.

"Mimi sibandiki," alisema.

Nesi Gaudensia akainamisha kichwa. Alijua. Ndiye aliyeiandika hati hiyo, na sasa, kwa ruhusa ya Ndekwa, alimweleza Atuganile kilichomo. Ndekwa alikuwa amefanya kazi maabara ya Lulunge. Kila Alhamisi alitumwa kufungua koki ya bwawa la tope ili maji yenye sumu yashuke mtoni, kisha akaandika vipimo vya uongo alivyopewa. Alikuwa ametaja tarehe, na jina la aliyemtuma. Hati nyingine zote zilieleza watu walivyougua. Hiyo peke yake ilieleza nani aliyemwaga.

"Ndekwa," alisema Atuganile, "bila hati yako watasema ni ugonjwa tu. Watasema ni mizimu, ni uchafu wenu."

"Tulikuwa wawili kwenye ile koki," alisema Ndekwa. "Mimi na Hosiana. Hosiana alikwenda polisi Kitandula, akaeleza kwa Kiswahili. Hati yake ilipatikana siku hiyo hiyo. Wakamlazimisha aikane kwa kidole chake, na hati iliyokanwa haihesabiwi. Wiki ya pili wakamtoa bwawani amekufa, na Ghala lenu likaandika ameteleza. Mimi nilieleza kwa Kidowela kwa sababu nesi ni ndugu yangu na nilikuwa nalia. Hilo kosa lako, dada, ndilo limeniacha hai. Nina watoto watatu. Sibandiki."

Akafungua mlango, akaenda.

Bi. Perusi alikuwa amesimama nje. Alikuwa amesikia.

"Wewe una ufunguo," alimwambia Atuganile, meno yameumana. "Mstari mmoja. Nimekusikia ukimwambia nesi. Ukiubadilisha, hati yake inatoka hata kama hataki."

"Ndiyo."

"Basi ubadilishe!"

"Hajakubali, mama."

"Na mimi nilikubali?" Sauti ya Bi. Perusi ilipasuka. "Mliponiandika nashukuru, nani aliniuliza? Miaka minane hamkuuliza mtu, leo ndiyo umejifunza kubisha hodi? Leo, kwa huyu aliyeishika koki kwa mkono wake?"

Atuganile alikizima kifaa. Alikuwa na hasira na Ndekwa kwa kuwa na haki, na Kanyelele kwa kuchoka, na yule msichana wa miaka ishirini na sita aliyecheka watu wakampigia makofi. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa na kifaa mapajani. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake kweli. Wangeshinda kesho asubuhi. Na Ndekwa angesomwa na kila mwenye kutaka, kabla kikao hakijafungwa.

"Mara ya kwanza niliwaamulia watu bila kuwauliza," alisema mwishowe. "Sirudii."

"Basi wewe ni mwoga," alisema Bi. Perusi, "na umeupa woga wako jina zuri."

*

Ijumaa Jaji Shekolowa aliamuru utafutaji urudiwe. Neno *maji* lilipoingizwa, kioo cha ukutani kilijaa: hati elfu moja mia tatu na kumi na moja. Ukumbi ulipiga ukelele. Watu walisoma majina yao yakipanda juu, na hata Mwenyekiti alivua miwani akaifuta.

Wakili wa Lulunge alisubiri kelele zitulie.

"Tunawapa pole," alisema. "Lakini ugonjwa si ushahidi wa aliyeusababisha. Katika hati zote hizi hakuna hata moja iliyomwona mtu wa kampuni akimwaga chochote. Namwomba mhandisi wa Ghala athibitishe kwa kiapo kwamba hizi ndizo zote, tufunge shauri."

Atuganile alisimama. Mstari wa mbele, Kanyelele alimtazama bila kupepesa.

"Mhandisi," aliuliza Mwenyekiti, "utafutaji umekamilika?"

Kusema umekamilika ilikuwa rahisi. Mdomo wake ulilijua neno hilo kuliko jina lake.

"Haujakamilika, Mheshimiwa."

Kanyelele akafumba macho.

"Kuna hati moja inayohusu shauri hili, na haikupatikana kwa sababu ya kanuni mbovu niliyoiandika mimi. Mwenyewe hataki ionekane, na ana sababu. Naijua, na sitaitoa."

"Itaje ni ya nani," alidakia wakili.

"Sitaji."

"Mheshimiwa, huyu anaficha ushahidi chini ya kiapo!"

"Ninyi mmekula maneno ya watu hawa miaka minane," alisema Atuganile, na sasa sauti yake ilitetemeka kwa ghadhabu. "Mmeyachapa katika ripoti, mmeyapamba picha za watoto wanacheka. Mimi ndiye niliyewapikia. Lakini hili moja hamlipati."

Jaji Shekolowa alimpa nafasi mbili za kubadili jibu. Alipokataa mara ya pili, akamhukumu siku kumi na nne rumande kwa kulidharau Baraza. Aliandika hukumu hiyo kwa mkono wake, taratibu. Kisha akafungua sheria, akasoma kifungu cha arobaini kwa sauti, mpaka mwisho, kama mtu anayekisoma kwa mara ya kwanza.

"Mhandisi wa Ghala ametamka," alisema. "Kuanzia Jumatatu Baraza hili litasikiliza kwa mdomo. Kila mtu kwa lugha yake. Anayetaka faragha atapewa faragha, na jina lake halitaandikwa."

*

Mengine Atuganile aliyapata kwa Nesi Gaudensia, aliyekuja rumande siku ya tisa. Watu arobaini walikuwa wamesikilizwa. Siku ya nne, ukumbi ulipokuwa umefungwa kwa chakula cha mchana, mwanamke mmoja aliyejifunika uso aliingia kwa mlango wa jikoni, akakaa na Mwenyekiti saa mbili, nesi akitafsiri. Nesi hakusema alikuwa nani wala alisema nini, na Atuganile hakuuliza. Siku iliyofuata polisi walipanda mlimani, wakaifunga koki kwa mnyororo, na meneja wa bwawa akashushwa amefungwa pingu.

Barua ya kuachishwa kazi ilimkuta rumande. Ilikuwa na mistari mitatu.

Alipotoka alipanda Udowela. Bi. Perusi alikuwa shambani kwake, anapalilia maharage, na hakusimamisha jembe alipomwona.

"Umekuja kuambiwa asante?"

"Hapana, mama."

"Vizuri. Maana sijakusamehe. Nimejaribu, nikaona sina haraka."

"Najua." Atuganile aliketi ukingoni mwa shamba, akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nyingi. "Ile kanuni bado ipo. Wamekataa kuiondoa. Wamesahihisha Kidowela tu, basi. Nilinakili hii kabla hawajanifungia mlango. Ni lugha ambazo hati zake ziko Ghalani zimepewa lebo ya Kiswahili, na fahirisi inazimenya ovyo mpaka leo."

Jembe likasimama. "Ngapi?"

"Thelathini na moja."

Bi. Perusi aliichukua karatasi kwa mkono wenye udongo, akaisoma yote, midomo ikicheza. Aliposhuka hadi chini mishipa ya shingo yake ilikuwa imesimama.

"Hawa wa ng'ambo ya mto wamo," alisema. "Shemeji zangu hawa. Walipeleka malalamiko ya josho mwaka jana, wakajibiwa hakuna kitu." Akalitupa jembe kwenye tuta, akafungua khanga ya juu na kujifunga upya, kwa nguvu, kama mtu anayekwenda msibani au vitani. "Na wewe umekaa kitako unanitazama. Inuka, twende."